Uzi maalumu: Namna ya kuchagua kitabu cha rubani kwa safari ya matanga katika visiwa vya Ugiriki

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Watu watatu wameniuliza swali lile lile katika mwezi mmoja, nami nimeona ni afadhali nilifungulie uzi kuliko kuendelea kumjibu kila mmoja peke yake. Mtu amekodi yoti kwa wiki mbili nchini Ugiriki, ana cheti cha unahodha, ana wenzake wanne, na anataka kujua anunue kitabu gani cha rubani. Nalitumia neno rubani kwa maana yake ya zamani, yaani mjuzi wa maji ya mahali fulani anayepanda chomboni kumwonyesha nahodha njia, kabla ndege hazijatunyang'anya neno hilo. Kitabu cha namna hiyo hakimfundishi mtu kutweka tanga. Kinamwambia mlango wa bandari unaelekea wapi, kina cha maji ni mita ngapi, chini kuna mchanga, matope au majani, ni upepo gani unaoingia ndani na ni upi unaozuiliwa na kilima, mafuta na maji ya kunywa yanapatikana upande gani wa gati, na gati likiwa limejaa aelekee wapi kabla jua halijazama.

Nimezaliwa Tanga, nikajifunzia usukani katika mashua ya mjomba wangu, na sasa naishi Ujerumani. Nimesafiri Ugiriki majira manne ya kiangazi, kila mara kwa chombo cha kukodi. Ninayoyaandika ni ya mtu wa kiwango hicho, si ya bingwa.

Kabla ya kufika dukani, mtu aamue anakwenda bahari ipi. Ugiriki huhesabiwa kuwa na visiwa na vijisiwa vipatavyo 6,000, ingawa vinavyokaliwa na watu ni 227 hivi, na si vyote vimo katika maji ya tabia moja. Upande wa magharibi iko Bahari ya Ionia, yenye Corfu, Paxos, Lefkada, Ithaca, Kefalonia na Zakynthos. Huko wakati wa kiangazi upepo wa kawaida unatoka kaskazini-magharibi, unaamka baada ya adhuhuri na kulala jioni, na asubuhi bahari huwa kama kioo. Upande wa mashariki iko Bahari ya Aegean, na mwenye nyumba huko ni meltemi. Huu ni upepo wa kaskazini unaoanza kuonekana mwishoni mwa majira ya kuchipua, ukapata nguvu kamili Julai na Agosti, na unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo kwa noti 22 hadi 33, yaani daraja la 6 na la 7 katika kipimo cha Beaufort, na mara nyingine zaidi.

Hapa msomaji wa pwani yetu ana jambo la kumpendeza. Wagiriki wa kale waliziita pepo hizi kwa neno linalotokana na mwaka, kwa sababu zilirudi kila mwaka kwa wakati wake, na sisi neno letu msimu limetoka katika neno la Kiarabu ambalo mabaharia walilitumia kwa pepo zao za kila mwaka. Ukoo wao haukomei kwenye majina. Eneo kubwa la mgandamizo mdogo wa hewa linalojengeka juu ya Asia ya Kusini wakati wa joto ndilo linalovuta kusi kuvuka ikweta, na mkono wake wa magharibi unafika hadi Uturuki, ambako hushirikiana na mgandamizo mkubwa ulioko upande wa Balkani kuusukuma meltemi. Kwa hiyo anayesafiri Agosti kati ya Paros na Amorgos anapigwa na ndugu wa kusi, isipokuwa huyu ndugu anatoka kaskazini na mara nyingi haji na wingu. Mbingu ni samawati tupu, watu wanaota jua ufukweni, na wewe huwezi kutoka bandarini.

Tofauti hiyo ya bahari inagusa moja kwa moja uchaguzi wa kitabu. Katika Ionia unaweza kusamehewa kuwa na kitabu cha wastani, kwa sababu ghuba ziko karibu karibu na ukikosea jioni moja unahamia ya pili. Katika Aegean, hasa visiwa vya Cyclades, kitabu kisichosema waziwazi ghuba inafunga upepo gani na kufungua upepo gani ni mzigo tu. Tena kuna jambo ambalo sisi tuliozoea visiwa tambarare vya pwani yetu hatulitarajii. Tumelelewa tukijua kwamba upande wa demani, yaani uliokingwa na upepo, ndio wa kupumzikia. Kule kisiwa kikiwa na milima mirefu, kama Andros, Ikaria, Amorgos au Karpathos, upepo hupanda upande wa joshi kisha ukaporomoka upande wa pili kwa vishindo vikali kuliko hata vya bahari iliyo wazi. Rubani mzuri wa karatasi anakwambia ghuba ipi ya kusini ni tulivu kweli na ipi ina vishindo vya namna hiyo usiku kucha.

Sasa vitabu vyenyewe. Jina linalotajwa kwanza katika kila gati ni Rod Heikell, mzaliwa wa New Zealand, ambaye Greek Waters Pilot yake ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1982 ikichapwa na Imray ya Uingereza, na matoleo ya miaka ya karibuni ameyaandaa pamoja na Lucinda Heikell. Kitabu hicho kinashughulikia nchi nzima, Ionia na Aegean pamoja, katika kurasa zaidi ya 500, kikiwa na vielelezo vidogo vya bandari vilivyochorwa kwa mkono wa mtu aliyezitembelea. Mwandishi huyo huyo ana vitabu vyembamba vya maeneo: Ionian kwa visiwa vya magharibi, West Aegean kwa pwani ya Attica, mashariki ya rasi ya Peloponnese, Cyclades za magharibi na Sporades za kaskazini, na East Aegean kwa visiwa vya Dodecanese pamoja na pwani ya Uturuki iliyo jirani nayo. Wasomaji wa Kijerumani wanavyo vitabu vya Gerd Radspieler vilivyochapwa na Delius Klasing, ambavyo navyo vimegawanywa kwa maeneo.

Vipo pia vitabu vya serikali. Idara ya ramani za bahari ya Uingereza ina Mediterranean Pilot, ambamo juzuu yenye namba NP47 inahusu upande wa Ionia na Adriatic, na NP48 upande wa Aegean. Jeshi la wanamaji la Ugiriki nalo lina idara yake ya ramani za bahari, na kitabu chake huitwa Ploigos, neno lenye maana ile ile ya rubani. Hivi vimeandikwa hasa kwa ajili ya meli. Vitakueleza mikondo, minara na milango bahari kwa makini kuliko kitabu chochote cha yoti, lakini havitakwambia kwamba gati la kijiji fulani lina jiwe lililojificha karibu na ngazi, kwa sababu meli haiendi pale. Mimi NP48 naisoma wakati wa baridi nyumbani, nikiwa na kahawa.

Ushauri wangu kwa mwenye wiki mbili ni kitabu cha eneo moja. Kikubwa kinamfaa anayekaa miezi, au anayepeleka chombo kutoka Corfu hadi Rhodes. Lakini asinunue kwa kusikia sifa. Afanye jaribio hili: achukue bandari moja atakayoifikia siku za mwanzo, aisome katika vitabu viwili, kisha ajiulize ni kipi kilichomfanya aione.

Mimi hutumia Hydra. Ni bandari ndogo yenye umbo la kwato, mji hauna magari, na katika kiangazi vyombo hujipanga safu mbili au tatu, kila kimoja kikiwa kimedondosha nanga katikati na kurudi nyuma hadi tezi iguse gati. Hivyo ndivyo wanavyofunga huko karibu kila mahali, na kwa mtu aliyezoea kutia nanga mbele na kungoja maji yapwe ni elimu mpya kabisa. Matokeo yake pale Hydra ni kwamba minyororo inalala juu ya minyororo, na asubuhi anayetaka kuondoka mapema huvua nanga za majirani zake pamoja na yake. Kitabu kinachosema tu "bandari nzuri, mji wa kupendeza, mita tatu" kimekudanganya kwa kunyamaza. Kinachokwambia ufike kabla ya mchana, ukikuta safu mbili usijitie ndani, na kikataja pa kwenda badala yake, hicho kimeandikwa na mtu aliyewahi kukosa usingizi.

Jaribio jingine zuri ni Kolona, katika kisiwa cha Kythnos, ambako ukanda mwembamba wa mchanga unakiunganisha kisiwa na kijisiwa cha Agios Loukas na kufanya ghuba mbili zilizopeana mgongo. Zimetenganishwa na hatua chache za mchanga, lakini upepo ukigeuka usiku, aliyelala vizuri na aliyekokotwa na nanga yake wanaweza kuonana kwa macho.

Halafu angalia tarehe. Mwaka wa pili wa safari zangu nilinunua toleo la miaka ishirini nyuma katika duka la vitabu vilivyotumika, nikajiona mjanja. Tulifika katika kisiwa kimoja machweo, tukafunga gati ambalo kitabu kilisema ni la yoti, na saa nne usiku ikaja feri iliyokuwa na haki yake ya mahali pale kwa miaka mingi. Tulikata kamba moja kwa kisu. Mawe hayakuwa yamehama, matumizi yake ndiyo yalikuwa yamehama.

Mambo yanayozeeka haraka ni mengi. Mfereji wa Korintho, njia ya mkato kati ya Ionia na Aegean, uliofunguliwa mwaka 1893 na wenye urefu wa kilomita zaidi ya 6, ulifungwa mwanzoni mwa 2021 kwa maporomoko ya kuta zake, ukafunguliwa kwa kiangazi cha 2022, ukafungwa tena kwa matengenezo. Aliyepanga safari kwa kitabu cha 2019 alijikuta na Peloponnese nzima ya kuzunguka. Kodi ya yoti iitwayo TEPAI ilianza kutozwa 2019. Mlango wa bandari ya Vlychada, kusini mwa Santorini, hujazwa mchanga na kuchimbwa tena, na pale si mahali pa kubahatisha, maana ndani ya bonde la volkano la kisiwa hicho kina kinashuka mita mamia karibu na ukingo na nanga haina pa kushika. Kwa hiyo kabla ya kulipa, geuza ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu usome mwaka wa toleo, kisha utafute masahihisho ambayo mchapaji huyatoa baada ya toleo.

La mwisho kwa leo ni majina. Kigiriki kinaandikwa kwa herufi zake, na kila mwandishi anakigeuza apendavyo. Hydra ni Idhra, Chios ni Khios, Zakynthos ni Zante, Santorini ni Thira, Corfu ni Kerkyra. Tena kuna Vathi huko Ithaca, Vathi Samos, Vathi Sifnos, Vathi Meganisi, kwa sababu neno hilo maana yake ni penye kina, na Mtakatifu Nikolao, mlinzi wa mabaharia, amepewa ghuba nyingi kupita hesabu. Kitabu chenye faharasa inayoonyesha majina yote mawili au matatu kitakuokoa siku redio itakapotangaza tufani katika eneo usilolitambua kwa jina.

Kisiki cha Mikoko

Mkuu, shukrani kwa uzi wenye uzito. Mimi niko Mombasa na nina swali la mtu asiyependa kubeba vitabu. Simu yangu ina ramani ya bahari yenye satelaiti, na kuna programu kama Navily ambamo mabaharia huandika maoni yao kuhusu kila ghuba, jana au leo asubuhi. Ikiwa tatizo la kitabu ni kuzeeka, kwa nini nisiache kitabu kabisa?

Mleta uzi

Ndugu Kisiki, programu hizo ninazo na ninazitumia kila jioni. Zinanieleza kwamba bomba la maji limekatika au kwamba mkahawa fulani umefungwa, na hapo hakuna kitabu kinachoshindana nazo. Udhaifu wake ni kwamba aliyeandika "pametulia sana, nyota tano" alilala pale usiku mmoja usio na upepo, na hakusema hivyo. Mwandishi wa kitabu amelazimika kufikiria pepo zote nne. Nikisoma maoni ya programu, kwanza natazama tarehe, kisha natafuta upepo ulikuwaje siku hiyo, na mara nyingi nagundua kwamba sifa ile ilikuwa ya hali ya hewa, si ya ghuba.

Kuhusu satelaiti, kuna jambo linalohitaji uangalifu. Ramani nyingi za zamani zilipimwa kabla ya satelaiti kuwapo. Thomas Graves wa jeshi la maji la Uingereza alikuwa akipima Aegean kwa meli ya Beacon katika miaka ya 1840, kama nahodha Owen wa jeshi hilo hilo alivyopima pwani yetu kwa meli ya Leven katika miaka ya 1820. Nukta ya satelaiti inaweza kuwa sahihi huku mwamba kwenye ramani ya zamani umekaa mita mia moja na ushei kando ya ulipo kweli. Vielelezo vya vitabu vya rubani navyo si vya kupimia njia, na vyenyewe huandika onyo hilo. Karibu na nchi kavu, macho na kipima kina ndivyo vinavyotangulia.

Bint Mattrah

Assalamu alaykum. Nawaandikia kutoka Maskati, nami nimefurahi kuona neno rubani limerudishwa kwa wenyewe. Huku wazee bado wanamtaja Ahmad ibn Majid, ambaye maandishi yake ya karne ya 15 yalikuwa na njia za bahari hadi pwani ya Waswahili. Na nakumbuka kwamba mwongozo wa zamani zaidi tulio nao kuhusu pwani hiyo hiyo, ule wa Bahari ya Eritrea wa karne ya kwanza unaotaja bandari ya Rhapta na mashua zilizoshonwa, uliandikwa kwa Kigiriki. Kwa hiyo tuseme Wagiriki walitangulia kutuandikia sisi, nasi sasa tunawasoma wao.

Swali langu ni la kazi zaidi. Mume wangu na mimi tumesafiri kwa matanga hapa Oman, lakini hatujafika Ugiriki. Tunataka kwenda Juni, kwa siku kumi, tukiwa na watoto wawili. Je, kitabu cha Ionia kinatosha, na je, tuhangaike na majedwali ya maji kujaa na kupwa?

Mleta uzi

Waalaykum salaam, dada yangu. Kwa watoto na siku kumi, Ionia ndiyo, na kitabu cha eneo hilo kinatosha pamoja na ramani mbili za karatasi, ambazo kwa Imray ni G11 kwa kaskazini na G12 kwa kusini. Majedwali ya maji muyaache nyumbani. Kwetu Tanga bamvua inashusha maji karibu mita nne na mashua zinabaki zimekaa juu ya mchanga. Kule tofauti ni ya sentimita chache, na pepo ndizo zinazoyapandisha na kuyashusha zaidi kuliko mwezi. Mahali pa kipekee ni Chalkis, kwenye mlango mwembamba kati ya bara na kisiwa cha Euboea, ambako mkondo unageuka mara kadhaa kwa siku kwa kasi ya kutisha na daraja hufunguliwa mara nyingi usiku maji yanapotulia. Huko hamtafika safari hii. Mtakachokutana nacho ni daraja la Lefkada, ambalo kwa kawaida hufunguliwa kila saa, na hapo saa zithibitisheni kwa wanaowakodishia chombo, msiziamini za kitabuni.

Mzee wa Ngalawa

Nimeusoma uzi wote na nina pingamizi moja, mkuu. Umesema mwenye wiki mbili anunue kitabu cha eneo moja. Mimi nilifanya hivyo nikiwa Cyclades za magharibi, meltemi ukaja siku ya tano, na njia pekee ya busara ilikuwa kukimbia na upepo kuelekea kusini-mashariki. Kufika huko nikawa nimetoka nje ya ukurasa wa mwisho wa kitabu changu. Siku mbili nilisafiri kwa kuwauliza wavuvi. Kwa hiyo nasema: Ionia, kitabu cha eneo, Aegean, kikubwa, hata kama ni kwa siku saba, kwa sababu kule anayepanga njia ni upepo.

Mleta uzi

Mzee wangu, umenishinda, na nakubali. Safari zangu za Aegean nilizianzia Athens na kurudi Athens, nikajibana ghuba ya Saronic kila upepo ulipoamka, ndiyo maana sikuwahi kutoka nje ya kitabu. Wanaosoma uzi huu wauchukue ushauri wa Mzee wa Ngalawa kwa Aegean badala ya wangu.

Kisiki cha Mikoko

Basi nimeelewa, nitanunua. Lakini kwa kuwa kitabu kitazeeka mikononi mwangu, mnakitunzaje?

Mzee wa Ngalawa

Kwa penseli. Kalamu ya wino inaloa na kusambaa. Kila ninapotoka bandarini naandika pembeni ya kielelezo mwezi, mwaka, upepo uliokuwapo, na kina nilichokiona mimi. Ukurasa wa Kythnos katika nakala yangu una mistari minne. Wa chini kabisa unasema: Septemba, kusini daraja la 5, mita 4 za mchanga, tulihamia ng'ambo saa tisa za usiku.